Yoga ni Njema, Lakini Tezi Inataka Chumvi na Dawa



Katika mikutano yetu ya miezi iliyopita, hapa City Centre Lilongwe na kule Dzaleka, swali moja limeulizwa mara nyingi: je, ni kweli kwamba yoga inazuia na kuponya magonjwa ya tezi ya shingo? Swali hili si la mzaha. Wako wanachama, hasa kina mama wa usafi, wa jikoni na wa cherehani, wanaotoa fedha kila wiki kwa ajili ya mafunzo hayo. Wako waliotaka fungu la chama linunue mikeka. Na yuko mwenzetu mmoja ambaye nusura apoteze kazi na maisha kwa kuamini jibu lililokuwa na nusu ya ukweli.

Kwa hiyo tumeona hatuna budi kutoa maoni yetu waziwazi. Sisi si madaktari. Lakini tumewauliza wauguzi na waganga, tumewasikiliza wagonjwa, na tunayaandika haya kwa lugha ambayo kila mmoja wetu ataielewa na kumsomea jirani asiyejua kusoma.

Kwanza tuijue tezi yenyewe. Ipo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouamuru mwili uende mwendo gani. Mfano wake ni yule kijana wa kinu cha kusagia, chigayo, anayesimamia mtambo. Akifungua mafuta kidogo mno, mtambo unakwenda kwa kujivuta na unga hautoki. Akifungua mengi mno, mtambo unapiga kelele, unachemka, na mwisho unavunjika.

Tezi ikilegea, mtu anachoka bila sababu, anasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, anaongezeka uzito, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, na kina mama wengine hedhi inawazidi. Tezi ikizidi kasi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda ingawa anakula, halali usingizi, na wengine macho yanatokeza. Mara nyingine tezi huvimba, na uvimbe huo ndio tunaouita rovu au goita. Mtu anaweza kuwa na rovu na tezi ikafanya kazi vizuri, na mwingine shingo yake ikawa nyororo kumbe tezi imelegea. Ndiyo maana kuangalia shingo peke yake hakutoshi. Panahitajika kipimo cha damu.

Sasa ugonjwa huu unatoka wapi? Katika nchi zetu sababu kubwa iliyojulikana tangu zamani ni upungufu wa madini joto, yaani iodini. Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini hayo. Mtu mzima anahitaji kiasi cha mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito kiasi cha 250. Ni kidogo sana, mtu hawezi hata kukiona kwa macho, lakini bila hicho kidogo mambo huharibika. Mama mjamzito akikikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa, na hakuna mazoezi wala dawa itakayourudisha baadaye.

Madini haya ni mengi baharini. Huku bara, na hasa milimani, mvua za miaka na miaka zimeyaosha kutoka katika udongo, na mboga inayoota katika udongo huo haina cha kutupa. Ndiyo maana rovu lilizoeleka sana katika nyanda za juu za Tanzania, na katika milima ya Kivu ambako ndugu wengi wa Dzaleka wametoka.

Wenye asili ya Kivu wanakijua kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Tangu miaka ya 1960 wataalamu walikwenda huko kuchunguza kwa nini watu wengi walikuwa na rovu. Wakaona jambo la ajabu: kaskazini ya kisiwa rovu lilikuwa jingi, kusini lilikuwa dogo, ingawa pande zote mbili watu walikosa madini joto. Uchunguzi ukaonyesha kwamba muhogo ulikuwa na mkono katika jambo hilo. Muhogo mchungu una sumu. Usipolowekwa na kukaushwa vya kutosha, sumu hiyo ikiingia mwilini hugeuka kuwa kitu kinachozuia madini joto yasiingie katika tezi. Mtu mwenye madini ya kutosha haoni shida kubwa, lakini mwenye upungufu anapigwa mara mbili.

Je, rovu lilipunguzwaje? Hapa ndipo tunapotaka wafanyakazi wafikiri kwa makini. Tanzania ilikuwa na Taasisi ya Chakula na Lishe tangu 1973. Mwaka huohuo wa 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Baadaye, katika miaka ya 1980, ikapimwa hali ya rovu, na kuanzia 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto vikagawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi. Katika miaka ya 1990 ikaja amri ya kutia madini joto katika chumvi yote. Matokeo yake yalionekana. Katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya, ambako zaidi ya nusu ya watoto wa shule walikuwa na rovu katika miaka ya 1980, kufikia 2004 alibaki karibu mtoto mmoja katika kila wanane.

Malawi nayo ilitunga sheria ya chumvi yenye madini joto katika miaka hiyo ya 1990. Nchi hii haina bahari, na chumvi yake nyingi inatoka nje, kwa hiyo ukaguzi wa mpakani na sokoni ni jambo la lazima.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Ugonjwa ule haukupunguzwa na mtu mmoja mmoja kujitahidi chumbani kwake. Ulipunguzwa na hatua ya umma: sheria, kiwanda, mkaguzi, mwalimu wa shule, muuguzi wa zahanati, na gunia la chumvi ambalo tajiri na maskini wote wanalila. Mwenye fedha na asiye na fedha walilindwa pamoja. Mfanyakazi asiisahau njia hiyo.

Sasa tuje kwenye yoga. Hatutaki kuidharau. Ni elimu ya kale ya Wahindi, na tangu 2015 dunia nzima huiadhimisha kila tarehe 21 Juni, baada ya Umoja wa Mataifa kupitisha azimio mwezi Desemba 2014. Katika Afrika ya Mashariki nayo imefika mbali na hoteli za watalii. Huko Nairobi, tangu 2007, mradi uitwao Africa Yoga Project umefundisha vijana wa mitaa ya kawaida kuwa walimu wa yoga, na wengine wamepata riziki yao humo.

Faida zake tunazikubali. Mama aliyeinama na tambara tangu saa kumi na moja alfajiri, akinyoosha mgongo kwa utaratibu, anapata nafuu. Mlinzi wa usiku anayejifunza kupumua polepole anapata usingizi mchana. Mtu aliyekimbia vita, ambaye kila mlango ukigongwa moyo unamruka, anaweza kutulizwa na mazoezi hayo. Hata kwa wenye tezi iliyolegea, yapo majaribio madogo, mengi yamefanyika India, ambamo kina mama waliofanya yoga walisema wanajisikia vizuri zaidi. Mgonjwa anayechoka ana haki ya kutafuta nguvu na utulivu.

Lakini kujisikia vizuri ni jambo moja, na tezi kupona ni jambo jingine. Walimu wengine wanasema kwamba ukisimamia mabega, miguu juu, kidevu kikibana kifuani, damu inaikamua tezi na kuiamsha. Hoja hiyo inavutia masikioni, lakini hakuna uthibitisho wa kuaminika kwamba mkao huo unaponya tezi iliyolegea au kuzuia rovu. Tezi iliyokosa madini joto haiwezi kuyapata kwa kupindua miguu. Tezi iliyoharibiwa na ugonjwa, au iliyoondolewa kwa upasuaji, haiwezi kuota tena kwa kubanwa. Na mkao huo wenyewe una hatari kwa mwenye shingo mbovu, mwenye shinikizo kubwa la damu, na mwenye ugonjwa wa presha ya macho. Asiujaribu bila ushauri wa mganga na bila mwalimu anayejua kazi yake.

Tunaye mwenzetu, mfanyakazi wa usafi katika jengo moja la City Centre. Hatutamtaja jina. Alipimwa hospitalini, akaambiwa tezi yake imelegea, akapewa vidonge vya homoni na kuelezwa kwamba atavimeza kila siku maisha yake yote. Miezi mingine vidonge havikupatikana katika dirisha la dawa, ikambidi anunue. Ndipo akakutana na mtu anayefundisha yoga mtaani, akamwambia aache kemikali, afanye mikao sita kila asubuhi, na shingo itajirekebisha. Akalinganisha: vidonge vinataka fedha kila mwezi na havina mwisho, mikao inataka fedha kidogo na inaahidi mwisho. Nani kati yetu asingevutwa?

Wiki za mwanzo alijisikia vizuri. Homoni hukaa mwilini kwa muda, kwa hiyo madhara ya kuacha dawa hayaji siku ya pili. Mwezi wa tano alikuwa amevimba uso, sauti imekuwa nzito, anatembea kama mtu aliyebeba gunia. Mwezi wa Oktoba, ambapo jua la Lilongwe linachoma mpaka lami inalainika, yeye alivaa sweta. Msimamizi akamkuta ameketi kwenye ngazi akisinzia, akamwandikia barua ya onyo kwa uvivu. Barua ya pili ikafuata, na ya tatu ingekuwa ya kumfukuza. Siku moja akaanguka, wenzake wakambeba hadi hospitali.

Alirudishiwa dawa, akapata nafuu hatua kwa hatua. Kamati yetu ilichukua cheti cha hospitali, ikakaa na mwajiri, na barua zote mbili zikafutwa. Leo yuko kazini. Yoga bado anafanya, Jumamosi, kwa ajili ya mgongo wake. Lakini kidonge anameza alfajiri kabla ya chai.

Tunapoeleza kisa hiki, tusimtupie lawama mwalimu yule peke yake. Sisi wenyewe tulikosea. Mwenzetu aliposimama katika mkutano na kusema ameacha dawa kwa nguvu ya mazoezi, ukumbi ulipiga makofi, na sisi wa meza kuu tulipiga pamoja nao. Hakuna aliyeuliza amepimwa lini. Kiongozi wa wafanyakazi anayepiga makofi kabla ya kuuliza hajafanya kazi yake. Tunaliandika hili ili lisirudiwe.

Lipo na jambo la pili, nalo linawahusu waajiri. Baadhi ya ofisi mjini zimeanza kuleta mwalimu wa yoga mara moja kwa wiki na kuiita hiyo huduma ya afya kwa wafanyakazi. Hatupingi. Lakini tumeuliza maswali na majibu yake hayaridhishi. Je, wafagiaji na walinzi wanaalikwa, au ni wa ofisi za juu tu? Je, muda huo unakatwa katika saa ya chakula? Na je, ofisi hiyohiyo inampa mfanyakazi ruhusa ya kwenda kupima damu bila kumkata mshahara? Haifai mwajiri amwambie mtu apumue kwa utulivu huku akimnyima siku ya kliniki. Kumpa mkeka ni rahisi kuliko kumpa likizo ya ugonjwa.

Na likizo ya ugonjwa si hisani. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 ya kazi mfululizo haki ya wiki 4 za ugonjwa kwa mshahara kamili na wiki 8 kwa nusu mshahara katika mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Wengi wetu hatujui hivyo, na mwajiri hana haraka ya kutukumbusha.

Kwa ndugu wa Dzaleka hali ni ngumu zaidi. Kambi ile, kilomita zipatazo 45 kutoka mjini, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wachache, na sasa ina watu zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na wengi wakaacha biashara, kazi, na hospitali walizozizoea. Kazi ya mshahara kwao imewekewa vizuizi, hivyo wengi wanaishi kwa ganyu, ambayo haina likizo wala cheti. Mtu wa namna hii akiambiwa kwamba afya yake ipo katika juhudi zake mwenyewe tu, anadanganywa. Juhudi anayo, na alivuka nchi kwa miguu kwa juhudi. Kinachomkosesha afya ni dawa, kipimo na chakula.

Sasa tunayashauri haya, na kila mmoja ayafikishe nyumbani:

Moja, nunua chumvi iliyofungwa na kuandikwa kwamba ina madini joto. Tunajua wengi hununua kwa mafungu, ile ya kupima sokoni, kwa sababu fedha haitoshi mfuko mzima. Basi familia mbili au tatu zinunue mfuko mmoja na kugawana. Chumvi iliyoanikwa juani na kupigwa na unyevu hupoteza madini yake. Itunze katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Hatusemi mtu ale chumvi nyingi, kwa maana presha nayo inaua. Tunasema ile kidogo unayokula iwe nzuri.

Mbili, muhogo mchungu ulowekwe kwa siku kadhaa, uanikwe mpaka ukauke, ndipo usagwe. Bei ikipanda na njaa ikibana, watu hufupisha siku za kuloweka. Hapo ndipo hatari inapoingia. Samaki na maharagwe vikipatikana, viliwe pamoja na bwari.

Tatu, usinywe matone wala vidonge vya iodini kwa shauri lako. Madini haya yakizidi ghafula nayo hudhuru. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini mengi ilipoingia Zimbabwe na Kivu, baadhi ya watu waliokuwa na rovu la siku nyingi tezi zao zilizidi kasi, na wengine walipata ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana kiasi kinapaswa kupimwa kiwandani, si kukadiriwa nyumbani.

Nne, mwenye dalili tulizozitaja, mwenye uvimbe shingoni unaokua, anayeshindwa kumeza au sauti iliyobadilika, aende hospitali. Mama mjamzito mwenye ugonjwa wa tezi aseme kliniki siku ya kwanza.

Tano, aliyeandikiwa vidonge asiviache. Avimeze kwa maji tumbo likiwa tupu, na vile vya kuongeza damu avimeze saa nyingine, maana huzuiana. Mtu yeyote akikwambia uache, awe mwalimu wa yoga, mhubiri au muuza mizizi, mwambie twende wote kwa mganga ukaseme hayo mbele yake.

Sita, anayependa yoga aendelee. Ainyooshe mgongo, atulize moyo. Asilipe fedha ya dawa au ya chakula cha watoto kwa ajili hiyo.

Kwa upande wa chama, tunatoa pendekezo. Lile fungu la mikeka libadilishwe liwe mfuko wa dharura wa dawa na nauli ya kliniki, na anayetaka mazoezi atandike kitenge. Kamati za matawi zidai kwa waajiri ruhusa ya kupima afya bila kukatwa mshahara, na kwamba hakuna barua ya onyo kwa uchovu kabla mfanyakazi hajapimwa. Tuiombe serikali na mashirika yanayohudumia Dzaleka yahakikishe kwamba vidonge vya tezi havikosekani, na kwamba chumvi inayouzwa sokoni inakaguliwa.

Tutaambiwa haya ni madogo, na kwamba chama kina kazi kubwa ya mishahara. Sisi tunasema mshahara hauna faida kwa mtu aliyezimika kwenye ngazi. Mwenzetu yule alifagia jengo lile miaka tisa, na ilichukua barua mbili tu kumwita mvivu. Mkimwona leo mwenzenu amevaa sweta kwenye jua, msicheke. Mwulizeni amepima lini, kisha mmsindikize.

Umoja ni nguvu.